Nyota Yenye Sufu

Jumatatu, 6 Juni

Nimebakiza wiki nne dukani. Miaka thelathini na mmoja ya kuuza mikasi ya kunyolea kondoo, dawa ya kupe na waya wa uzio — basi! Leo Bwana Lochner, meneja wetu, kaniita ofisini, kanipa katalogi ya zawadi za kustaafu. Ushirika una desturi yake: kila anayestaafu huchagua kitu kimoja. Wote huchagua kiti cha kuegemea, kile kinachopandisha miguu. Wenzangu wa kaunta wameshanichagulia na rangi. Kahawia, eti haionyeshi uchafu.

Nikafungua ukurasa wa viti. Nikafunua mwingine, na mwingine. Ukurasa wa arobaini na moja — darubini! Tatu, zimejipanga kama mabibi harusi. Nikamwambia Lochner nahitaji muda wa kufikiri. Kacheka, kasema kiti ni kiti. Mwisho wa kuagiza ni siku yangu ya mwisho kazini, tarehe thelathini.

Mwaka wa pili huu nafuatana na klabu ya nyota ya Mwalimu Petronella nikiwa na darubini ya mkono ya kutazamia ndege. Ya kuazima, tena upande mmoja umeingia ukungu. Halafu watu wanataka kunipa kiti!

Alhamisi, 9 Juni

Gari la madaktari wa macho limefika leo. Nimempeleka Baba. Miaka themanini na mitatu, na alivaa tai.

Daktari ni msichana mdogo, mpole. Kasema katikati ya jicho inakufa, pembeni patabaki. Hatagonga kuta. Lakini nyuso, maandishi, tundu la sindano — hayo ndiyo yanaondoka. Jicho la kushoto limeshamaliza. La kulia limebakiza kidogo, labda mpaka Krismasi. Baba akauliza kama hapo pembeni panatosha kumwona mke wa jirani. Daktari kacheka mpaka kalamu ikamponyoka.

Tulipofika mlangoni Baba akavua tai. "Sufujicho," akasema. "Kumbe walijua mapema."

Ndilo jina lake hapa mjini. Nimezaliwa nikalikuta. Nilidhani sufu iliwahi kumwingia jichoni kazini. Kanyoa kondoo miaka arobaini na miwili, shamba hadi shamba. Jina la utani, watu wanamwita kwa upendo tu, lakini leo limemchoma, nimeona.

Basi nimeamua. Darubini. Na wa kwanza kutazama awe yeye. Aone pete za sayari ya Zohali kwa jicho lake kabla halijaenda. Huyu ndiye aliyenionyesha nyota za Msalaba wa Kusini nikiwa mabegani mwake, sijaota hata meno ya ukubwani.

Jumapili, 12 Juni

Nimewaambia wawili tu, kwenye chai baada ya ibada. Kosa!

Mwalimu Petronella Swartz (alifundisha hesabu sekondari, mpaka leo akikutazama unaficha bazoka shavuni) anasema lenzi. Bomba jembamba, picha safi, kila nyota ni nukta. Hansie Titus, fundi wa pampu za upepo, anasema kioo. Kioo cha sentimita ishirini chini ya pipa, na pipa juu ya sanduku la mbao unalozungusha kwa mkono. "Darubini ni ndoo ya mwanga, shangazi," kaniambia. "Mvua ikinyesha utakinga kikombe au ndoo?" Mwalimu akauliza ndoo hiyo itabebwa na nani. Hansie kasema na yeye. Kila usiku? Hapo Hansie akatazama chai yake.

Ya tatu ina kompyuta, inajitafutia nyota yenyewe. Kwa hiyo wakapatana papo hapo: hapana! Hansie anasema ni sawa na kumwajiri mtu akulie chakula.

Nikauliza habari za ile ya supamaketi, iliyoandikwa kwenye boksi kwamba inakuza mara mia sita. Walicheka wote wawili mpaka mchungaji akaja kuangalia kuna nini. Kukuza si kitu, wakanieleza. Kinachotakiwa ni mwanga. Ukikuza kupita kiasi unapata giza kubwa. Naandika hapa nisije nikajifanya nimesahau.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi naelekea kwenye lenzi. Kwa ajili ya Zohali.

Jumamosi, 25 Juni

Niende polepole.

Mkutano wa klabu leo, uwanja wa raga nyuma ya kanisa. Mgao wa umeme kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili na nusu! Mji mzima unalaani, sisi tunapeana mikono. Giza totoro. Njia ya Maziwa, ule utepe wa nyota, toka goli hadi goli. Baba hakuja. Kasema nyota ni za wenye macho.

Mzee Floors Beukes alikuja, kwa ajili ya nyama, si kwa ajili ya mbingu. Alinyoa kondoo pamoja na Baba, kikosi kimoja tangu ujanani. Hupendana kwa matusi. Akakaa karibu na chungu, mfupa wa shingo mkononi, akaanza kusimulia asili ya jina la Sufujicho. Sikuwahi kuisikia!

Wakiwa vijana, wamelala nje kwenye shamba fulani, Baba aliwaonyesha nyota moja kushoto kwa Msalaba. Akasema ile si kama wenzake. Ina sufu. Wakamwambia ajipanguse jicho. Akang'ang'ania. Mwaka uliofuata tena, na uliofuata tena, kila msimu wa baridi anawaamsha watu: tazameni vizuri, ina sufu. Mpaka jina likamganda. Wakubwa wakamwita, watoto wakamwita, mhubiri mmoja alimwita hivyo kwenye mimbari. Mzee Floors akacheka mpaka akapaliwa.

Hansie hakucheka. Mwalimu hakucheka. Nikamwona Mwalimu anamtazama Hansie, naye Hansie anainua uso taratibu, kushoto kwa Msalaba. Kisha Hansie kanivuta hadi kwenye darubini yake kule nyuma ya pikapu, kailenga, kasema nitazame.

Mungu wangu.

Si nyota moja. Ni mpira wa nyota! Zimesongamana katikati hadi zimekuwa kama maziwa, pembeni zinachuruzika mojamoja. Sikuweza kuzimaliza. Mwalimu alikuwa amekuja nyuma yangu. Kasema, kwa sauti ya darasani lakini chini chini, kwamba humo mna nyota mamilioni, na kwamba wengi hupita chini yake maisha yao yote wakidhani ni moja. Baba aliijua tofauti yake kwa macho matupu, amelala kwenye gunia.

Nilitaka kukimbia nyumbani nikamwamshe. Hansie akanishika mkono.

"Usimwambie, shangazi," akasema. "Mwonyeshe."

Jumapili, 26 Juni

Usingizi sikuupata. Zohali na pete zake wasubiri. Kuna mtu amechekwa miaka sitini kwa kusema kweli, na amebakiza jicho nusu.

Lenzi nyembamba haifai. Itamwonyesha ukungu tu, na ukungu anao. Ni ndoo. Asubuhi Baba kauliza mbona naimba nyimbo za Krismasi mwezi wa sita. Nikasema ni furaha ya kustaafu. Kauliza kama furaha hiyo inaweza kuimba kwa sauti sahihi.

Alhamisi, 30 Juni

Imekwisha! Keki, hotuba, kadi yenye saini za watu nisiowajua. Nikampa Lochner namba ya bidhaa. Aliisoma mara mbili, akafungua ukurasa wa viti, akanisukumia kwa huruma. Nikamsukumia wa arobaini na moja. Kaunta wanaamini kustaafu kumenipanda kichwani.

Wiki tatu hadi ifike.

Jumanne, 12 Julai

Mwezi karibu mpevu, nyota zimefifia zote. Hata ningekuwa nayo isingesaidia.

Baba kamwaga chai leo. Alikitafuta kikombe mahali kilipo, asikione. Katania kwamba kikombe kimehama bila kuaga. Nilicheka, kisha nikaenda kusimama kwenye banda la kuni. Krismasi, daktari alisema labda. Labda ni neno baya.

Jumatano, 20 Julai

IMEFIKA! Maboksi mawili, kubwa na kubwa zaidi. Hansie kaacha pampu ya watu imefunguliwa, akaja kuiunganisha. Mlango wa sebuleni haikupita, kwa hiyo inakaa jikoni, karibu na jiko la kuni, ndefu kama mgeni asiyetaka kukaa. Ina harufu ya rangi mpya. Nimeipangusa mara nne, na haina vumbi.

Baba kaipapasa toka chini hadi juu. Kauliza kama hili ni tangi la maji au nimekwisha kumchagulia jeneza. Nikamwambia ni darubini, na kwamba Ijumaa atatazama. Baadaye alirudi kuipapasa alipodhani sioni. Kipya kinyemi, hata kwa wazee.

Ijumaa, 22 Julai

Nimeharibu. Kila kitu.

Sikungoja Jumamosi ya klabu. Nilitaka nimwonjeshe kwanza Zohali, ile nyota yake nimwekee mbele ya Mzee Floors. Nikaiburuta nje saa tatu, moja kwa moja kutoka jikoni, ingali na joto la jiko. Nikaweka lenzi ya jicho, ile ndogo ya kuchungulia, kali kuliko zote. Nilijiambia mtu asiyeona vizuri anahitaji kitu kikubwa. Mara mia mbili! Mimi mwenyewe nikaona uji unaochemka.

Nikamkalisha. Akasema haoni. Nikasema tazama katikati, Baba. Akasema haoni. Katikati kabisa, Baba, tazama katikati! Alijitahidi, shingo ikamtetemeka. Kisha akanyanyuka, akajipangusa suruali.

"Hapo katikati ndipo palipokufa, mwanangu," akasema, akaenda kulala.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Nimelia na lile pipa limesimama mbele yangu.

Jumapili, 24 Julai

Nacheka peke yangu! Niandike.

Kwanza Hansie. Nilimweleza kilichotokea akashika kichwa. Kioo chenye joto hakionyeshi kitu, hewa inacheza ndani ya pipa. Kitolewe nje jua likiwa bado lipo, kipoe. Na zile mara mia mbili! Mwanga ni kama siagi, kasema, ukiipaka kwenye mkate mkubwa mno unabaki na mkate. Nikarudi kusoma nilichoandika humu tarehe kumi na mbili Juni. Ukikuza kupita kiasi unapata giza kubwa. Mwandiko wangu mwenyewe.

Lakini si hilo. Ni chumvi.

Chakula cha mchana, Baba anataka chumvi. Uso kaugeuzia mlangoni, kabisa, kama kuna mtu anaingia. Mkono ukaenda kwenye chumvi bila kupapasa. Nikamwuliza amejuaje ilipo. Akasema ameiona. Vipi, na anatazama mlango?

"Nikiikazia macho inakimbia," akasema. "Nikijifanya natazama mlango, inatulia. Kama kondoo tu."

Kijiko kilinianguka. Hilo ndilo somo la kwanza la klabu! Kitu hafifu cha mbinguni hakitazamwi usoni. Unatazama kando yake, nacho kinajitokeza, kwa sababu pembe za jicho huona vizuri gizani kuliko katikati. Mimi lilinichukua mwaka mzima, na hadi leo jicho langu huponyoka likarudi katikati. Baba amefanya mazoezi miaka miwili, tangu macho yaanze kufifia, mchana na usiku, bila mwalimu. Na mimi, mjuzi mkubwa, nikamkaripia atazame katikati!

Nilicheka mpaka Baba akauliza kama chumvi imenipalia.

Alhamisi, 28 Julai

Mawingu. Theluji mlimani. Jana mawingu, juzi mawingu. Mwalimu anasema kila darubini mpya huja na mawingu yake, ndani ya boksi. Baba kashinda kwenye kiti cha jikoni, amegeuzia dirisha ubavu. Asubuhi kauliza kama mvua inanyesha, na ilikuwa hainyeshi.

Jumamosi naomba usiku mmoja tu. Mmoja!

Jumamosi, 30 Julai

Naandika ndani ya pikapu ya Hansie, mlango wazi, tochi nimeifunga karatasi nyekundu ya peremende, vidole vimekufa ganzi. Siwezi kungoja nifike nyumbani. Inaendelea sasa hivi!

Mbingu ni nyeupe kwa nyota. Hakuna hata wingu la dawa.

Baba alikataa kuja. Keshajaribu mara moja, basi. Nikamwambia Mzee Floors atakuwepo, na kwamba amesema Sufujicho hawezi kutia mguu uwanjani. Hajasema. Mungu anisamehe, lakini angesema. Baba akaomba koti.

Darubini niliileta uwanjani saa kumi jioni, ikakaa kwenye baridi mpaka pipa likaota umande. Lenzi ya jicho, ile dhaifu kuliko zote, mara arobaini tu. Saa kumi na mbili umeme ukakatika kwa wakati wake. Sijawahi kuupenda mgao kiasi hiki. Watu tisa, chungu kimoja, mikate ya makaa. Mzee Floors wa kwanza kwenye chungu.

Saa moja na nusu Hansie akailenga. Sikumwambia Baba ni kitu gani. Nilimkalisha kwenye kiti cha jikoni, nikamwekea vidole viwili kwenye pipa, nikamweleza kwamba darubini hii haina injini, mbingu inatembea na lazima aisukume aifuate. Basi kila mtu akawa mwalimu. Funga jicho moja. Sogea. Inua kidevu. Tazama katikati, mzee, katikati!

"Mwenye macho haambiwi tazama," Baba akawajibu. "Mwenye nusu mwambieni nusu."

Nikainama sikioni mwake. Nikasema, "Baba, tazama mlango."

Hakuuliza mlango gani. Akageuza jicho kidogo, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya nyumba ya pili. Nikawa nasikia mafuta yakidondokea makaa. Bega lake likaanza kutikisika. Nikadhani ni baridi.

"Mina. Hii ni ile yangu?"

"Ndiyo, Baba."

"Ya kushoto kwa Msalaba."

"Hiyo hiyo."

Akavuta pumzi. "Basi si sufu," akasema taratibu. "Ni zizi. Usiku ukimulika tochi zizini, yale macho ya kondoo yanavyokurudishia mwanga. Macho, macho, macho, mpaka kwenye ukuta wa mwisho."

Nimelia, sioni haya. Mwalimu Petronella amepenga kamasi kwenye skafu yake nzuri. Hansie anazunguka uwanjani akimpiga kila mtu mgongoni.

Sasa ni saa mbili na robo. Umeme unarudi baada ya robo saa, na taa ya kanisa itafuta kila kitu. Kuna foleni. Mwalimu kanituma mara mbili nikamwondoe Baba kwenye kiti, wengine nao waone. Nimekwenda mara mbili, nikarudi mara mbili. Anaisukuma darubini kwa vidole viwili, polepole, kama alivyokuwa akimgeuza kondoo asishtuke. Haijamponyoka hata mara moja.

Wa kwanza kwenye foleni ni Mzee Floors. Amevua kofia, ameishika kifuani kwa baridi hii. Alisikia yote. Nyama yake imepoa kwenye sahani, haikuguswa. Amekohoa. Ameinama kidogo.

"Dawid," anasema. Si Sufujicho. Dawid! "Nipishe nami nione kabla taa hazijarudi. Ni ngapi humo?"

Baba hajainua kichwa.

"Ngoja," anasema. "Bado nahesabu."